Msingi Tuliouhamisha

Miaka zaidi ya ishirini nimekula kwa mwiko na pimamaji, nikijenga nyumba za watu kwenye mitaa ya Malangali na Chanji mjini kwetu na kuziba nyufa zao kila ardhi inapotikisika. Kuziba ufa kunachosha kuliko kujenga. Unapiga lipu, unasawazisha, mwenye nyumba anashukuru, na wewe unajua ukuta haujapona.

Kiangazi kimoja nilipata kibarua cha namna nyingine. Wataalamu wa miamba walikuja kuchimba mtaro wa kukata ule ukingo mrefu unaopita kwenye mashamba nje ya mji, ambao sisi tuliuona ni mwinuko tu. Tulichimba vibarua sita, upepo wa Juni ukitukata masikio, mpaka mtaro ukanizidi kimo. Kiongozi wa wataalamu hao alikuwa mwanamke wa umri wa binti yangu. Alipoona ninavyoshika mwiko, aliniomba nibaki mle chini nikwangue ukuta wa mtaro mpaka uwe laini, udongo usomeke.

Siku ya tatu ya kukwangua nikaona kitu. Tabaka la udongo mweusi lilikuja limelala vizuri, mara likakatika wima, kisha likaanza tena chini, usawa wa goti langu.

"Nani amekata hapa?" nikamuuliza yule kiongozi.

"Matetemeko, fundi. Angalia, tabaka la chini limeshuka zaidi kuliko hili la juu. La chini lilikuwepo likashushwa mara mbili. La juu lilikuja baadaye, limeshushwa mara moja tu."

Akachutama, akachora mistari mitatu mifupi kwa kijiti. "Ufa wa ardhi hauanzi mrefu. Huanza hivi, vipande vipande, na ncha zake zinasogea kidogo kidogo kwa maelfu ya miaka. Zikikaribiana sana, zinaungana." Akaiunganisha mistari. "Kipande kifupi kikiachia na kuteleza, mnatikisika, mnaongea, mnarudi kazini. Vikiungana vikaachia kwa pamoja, hilo ni tetemeko jingine kabisa."

"Na hivi vya kwetu vimeungana?"

"Tunadhani vingi vimeungana."

"Basi litakuja lini?"

Akajifuta mikono kwenye suruali. "Sijui, fundi. Huenda vitukuu wako wasilione. Huenda likaja mwaka huu. Ningejua ningekuambia."

Nilitoka mtaroni nikimfikiria dada yangu mkubwa. Ni mjane, na alikuwa amechimba msingi wa nyumba chini ya ukingo uleule, mwendo wa nusu saa kutoka pale. Alipapenda kwa sababu maji hutoka karibu. Mawe aliyakusanya mwenyewe misimu miwili, akiyabeba kichwani kila akitoka kwenye shamba lake la ulezi. Alinisubiri mimi tu nipandishe kuta.

Jumapili, baada ya misa, nilimfuata.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Umekuja kuanza?"

"Dada, hapa sijengi."

Nikamweleza yote, mpaka ile mistari mitatu. Alisikiliza bila kuniangalia.

"Baba alilima hapa mpaka kifo chake," akasema. "Hakikumpata kitu."

"Baba alilala kwenye nyumba ya miti na nyasi. Hiyo ikikuangukia unatoka. Kwenye tofali hutoki."

"Kwa hiyo nihame kwa kitu ambacho hata huyo msomi wako hajui siku yake?"

"Nimechoka kuziba nyufa, dada. Sitaki kuja kukufukua."

Akaingia kwenye kibanda chake cha udongo, akafunga mlango. Wiki mbili hakupokea simu yangu.

Wiki ya tatu nilikwenda bila kuitwa. Nilimkuta ameinama msingini, aking'oa mawe.

"Usisimame tu hapo," akasema.

Jirani yake mfugaji, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake, alituazima mkokoteni. Akauliza tunahamisha nini, na dada akajibu, "Mdogo wangu anaiogopa ardhi." Yule bwana hakucheka. Alisema kwao alishaona ukuta ukiangukia ndama, kisha akaanza kupakia mawe nasi.

Tulijenga mbali na ukingo, kwenye ardhi ngumu aliyonionyesha yule mtaalamu wa mtaroni. Niliweka nondo kwenye kona, mkanda wa zege juu ya msingi na mwingine juu ya madirisha. Dada alilalamika kwamba nyumba ni ndogo na maji yapo mbali. Alikuwa na haki, na mimi mgongo uliuma.

Alasiri moja nikiwa juu ya kenchi za paa, ardhi ilitikisika. Mabati yalilia, nikashika mbao, pumzi chache kukatulia. Dada akatoka mbio.

"Ndilo lenyewe?"

"Silo."

"Umejuaje?"

"Lingekuwa lenyewe usingeniuliza."

Nilikagua kuta zote. Hazikuwa na ufa, lakini sikufurahi. Lilikuwa dogo mno kupima chochote.

Siku niliyomaliza alinipikia ugali wa ulezi na maharage. Tulikula tumekaa sakafuni, nyumba ikinuka saruji.

"Umezeeka, mdogo wangu."

"Na wewe je?"

"Mimi nimezeeka siku nyingi."

Nilijinyoosha palepale, nikalala. Nilipozinduka, alikuwa akifagia vumbi la saruji kunizunguka, taratibu, asiniamshe.