Funda la Kwanza la Umeme

Pale Kasulo hakuna aliyenilipia karo. Nilibeba matofali Mwanza mpaka nikapata diploma ya umeme, nikarudi na kusimamisha paneli za sola zinazoonekana tangu barabarani. Wenye digrii huja kuzipiga picha.

Shida ilikuwa laini ya umeme. Waya unaopita kwetu ni mwembamba. Mchana, jua likiwa kali, haubebi umeme wote, nami nalazimika kuzima nusu ya paneli. Jioni umeme unapungua, watu wanakaa gizani. Nikaleta betri zihifadhi ule wa mchana na kuwasha kitongoji jioni. Nikazifungia kwenye kibanda cha bati, na kwa ustaarabu niliojifunza mjini, nikawatanguliza wateja. Nyumba yangu ikabaki kwenye laini na jenereta.

Hakuna aliyejiunga. Nikipita, mazungumzo yanakatika. Nikasikia kwamba nakusanya umeme niuvushe Burundi, na kwamba makabati yale ya betri yatalipuka. Nami nikamshuku jirani yangu, mzee muuza mafuta ya taa, kuwa ndiye aliyeueneza uvumi huo. Mwenyekiti wa kitongoji akaitisha kikao: watu wakikataa, betri ziondoke. Jasho langu lote lilikuwa ndani ya kibanda kile.

Tulikutana uani kwa shangazi yangu. Nilieleza vizuri kuliko mhandisi yeyote, wakanitazama tu. Shangazi akaleta pombe ya ndizi, akapiga funda la kwanza mwenyewe, kama afanyavyo kila mwenye nyumba kwetu ili mgeni ajue haina sumu. Ndipo akampa yule mzee.

Mzee alikishika kibuyu, hakunywa. "Shangazi yako ameonja. Wewe, mwanangu, ya kwako umeionja lini?"

"Mzee, betri hazinywewi."

"Kwako taa inawaka kwa umeme wa wapi?"

Watu wakacheka, si kwa furaha. Nikainuka, nikawaongoza hadi kwangu. Mbele yao nikaitoa nyumba kwenye laini, jenereta nikamkabidhi mwenyekiti, nikavuta waya kutoka kibandani. Magharibi taa zangu zikawaka kwa betri. Mzee akaingia bila kukaribishwa, akachungulia nyuma ya kabati na chini ya kitanda, akitafuta waya mwingine. Nami nikamfuata chumba hadi chumba, nikiutazama mkono wake.

Mwenyekiti akasema betri zibaki. Nyumba zikajiunga moja moja. Mzee bado. Kila jioni hupita polepole dirishani kwangu, akitega sikio kama kuna jenereta nyingine. Nami paneli ikipata ufa, macho yangu huanzia dukani kwake.