Pikapu ya Baba Mkwe Ililala Nzima, Ikaamka Inatetemeka

Kuna gari limewahi kunikalisha chini uani kwa wakwe zangu, mikono imejaa grisi, nikatamani kulia kama mtoto mdogo.

Jioni naliacha linanguruma vizuri. Asubuhi likiwashwa, linatetemeka kama mtu mwenye homa.

Jirani mmoja akasema limerogwa. Nilimcheka, lakini ilifika mahali na mimi nikaanza kuliangalia kwa jicho la pembeni.

Mimi ni fundi wa magari. Si fundi wa kubahatisha, nina gereji yangu na wateja wananisubiri. Na gari lenyewe si la mtu baki, ni la baba mkwe wangu. Pikapu ya zamani, silinda nne, kabureta, haina kompyuta wala taa za kukuonya. Gari la aina hiyo ukilisikiliza, linakwambia lenyewe linaumwa wapi.

Hili lilikataa kusema.

Mzee alikuwa dereva maisha yake yote. Aliibebea mawe kampuni moja mpaka ilipofungwa, na walipofunga wakamwachia ile pikapu kama kiinua mgongo. Aliipenda, we acha tu. Mama mkwe alikuwa akisema yeye ni mke mkubwa, mke mdogo amelala uani.

Siku hizi kazi ya mzee ilikuwa moja, kumpeleka binti yangu shule na kumrudisha. Mimi na mke wangu tunatoka mapema, na wakwe wanakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu. Binti tunamwita Kasuku kwa sababu mdomo wake haupumziki.

Jioni moja tunakula kwa wakwe, Kasuku akatangaza, "Siku hizi dereva ni mimi! Babu ananiuliza, 'Sasa tukate wapi?' Nikimwambia kulia, anakata kulia."

Tulicheka wote. Mke wangu akasema, "Baba na michezo yake!" Mzee mwenyewe akacheka, akamfinya mjukuu shavu.

Mama mkwe hakucheka. Aliinuka akaanza kukusanya vyombo, na sisi wengine tulikuwa hatujamaliza kula.

Haikupita muda ugonjwa wa gari ukaanza.

Asubuhi mzee akapiga ufunguo, likawaka kwa taabu, bodi nzima ikatingishika, bomba la moshi likawa linapiga chafya. Halikuwa na nguvu hata ya kutoka getini. Kasuku akaenda shule kwa miguu na watoto wa jirani.

Nikaja mchana na boksi langu la spana. Nikawasha. Likanguruma laini kabisa.

"Baba, mbona zima?"

"Asubuhi lilikuwa linamisi, moto unakatika. Unataka kusema nilikuwa naota?"

"Hapana, baba. Ngoja nilikague."

Nikaliacha liungurume, nikawa nachomoa waya za plagi moja moja. Silinda iliyolala hujulikana hivyo, ukichomoa waya wake mlio haubadiliki. Kila nilipochomoa, injini ililegea. Maana yake zote zilikuwa zinapiga kazi.

Nikabadilisha plagi. Asubuhi, yale yale.

Nikabadilisha waya na koili. Asubuhi, yale yale.

Nikafungua kabureta nikaiosha, nikatupa chujio la mafuta nikaweka jipya, nikapima mgandamizo wa kila silinda. Nikaingia hadi uvunguni kukagua raba zinazoshikilia injini, nikidhani labda ndizo zinazoleta mtetemo. Zilikuwa nzima.

Asubuhi mke wangu akanipigia simu: "Mama amenipigia. Limeanza tena."

Mzee naye hakunihurumia. Alipaza sauti mpaka mtaa wote usikie. "Nilidhani nimemwoza mwanangu kwa fundi! Kumbe ni muuza plagi!"

Majirani wanaangua kicheko juu ya ukuta. Mimi nimeinamia injini, masikio yanawaka moto. Ni mkwe, utamjibu nini?

Habari zikafika gereji. Mteja wangu wa siku nyingi akaniuliza, "Nasikia gari la mkweo limekushinda?" Nikajitia sijasikia, lakini iliniuma sana.

Nikaamua kulivizia. Asubuhi moja nikafika kabla halijawashwa, boneti bado ya baridi. Nikafungua kofia ya distribyuta, kile kifuniko cheusi ambacho moto unapita ndani yake kwenda kwenye kila plagi.

Ndani kulikuwa na maji.

Hapo nikaelewa kwa nini nilikuwa nakimbizana na kivuli. Kofia ikilowa, moto unapotea njia, silinda zinakosa, injini inatetemeka. Jua likishapiga boneti, maji yanakauka. Fundi akija mchana anakuta gari zima, anabaki kukuna kichwa.

Lakini maji yanatoka wapi, na kilikuwa kiangazi?

Pembeni, kwenye kibanio cha kofia, palikuwa na kitu cheupe kimekauka. Nikakibandua kwa ukucha. Nikadhani ni uchafu wa wadudu, nikatupa.

Nikajiambia ni umande, na kofia imechakaa. Nikaweka mpya, nikaizungushia gundi ya gereji, nikaifunika kwa raba ya tairi na kuikaza kwa waya.

Asubuhi iliyofuata, ufunguo mara moja tu. Shwari!

"Baba, limepona!"

Mzee akanitazama. "Limepona kabisa?"

"Kabisa."

"Halitarudia?"

"Labda mtu alipige shoka."

Nilitegemea asante, au angalau aombe radhi kwa yale matusi. Alitazama usukani tu. Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni, mikono imejaa unga wa mikate. "Haya mwanangu, Mungu akubariki," akasema, na sauti yake haikuwa na furaha hata chembe.

Nilinuna kidogo. Watu gani hawa wasio na shukrani?

Kasuku akarukia kiti cha mbele na begi lake. Wakaondoka.

Mchana mke wangu, aliyewahi kutoka kazini siku hiyo, akapiga simu kutoka kwa wazazi wake. "Mtoto hajarudi. Shule wanasema babu yake alishamchukua zamani."

"Mpigie baba."

"Simu ya baba inalia hapa mezani!"

Nilifika kwa wakwe sijui hata nilipitia wapi. Mke wangu alikuwa barabarani anauliza kila mpita njia. Mama mkwe nilimkuta amekaa kwenye kizingiti cha jikoni, kanga ameibana mdomoni.

"Ungeliacha tu lile gari, mwanangu," akasema.

"Mama?"

"Gari halikuwa linaumwa. Anayeumwa ni baba yako."

Nikachuchumaa mbele yake, macho chini.

"Nilikuwa nalowesha ile kofia kila alfajiri kabla hajaamka. Tulivyokuwa vijana nilisafiri naye, mvua ikitukuta njiani nilimshikia tochi akiikausha. Najua inavyofunguliwa." Akapangusa pua. "Ameanza kupotea, mwanangu. Ameniita kwa jina la marehemu mama yake. Ameniuliza bafu liko wapi, humu humu ndani kwake. Mtoto aliposema babu anamuuliza njia, mwili wote ulikufa ganzi."

"Kwa nini hukutuambia, mama?"

"Nilimwambia mkeo. Akasema baba amechoka tu. Na yeye mwenyewe nitamwambiaje? Kumnyang'anya huyu ufunguo ni kumvua nguo hadharani."

Nikakumbuka kile kitu cheupe kwenye kibanio. Ulikuwa unga wake wa mikate.

"Mama, anaweza kuwa ameenda wapi?"

Alifikiri. "Pale kwenye kampuni. Akianza kuchanganyikiwa, huwa anasema anachelewa kazini."

Nikakimbilia gereji, nikachukua gari la mteja bila kuomba ruhusa. Njia nzima nilikuwa nasema neno moja tu, jina la mwanangu.

Lango la kampuni lilikuwa na kutu, majani yameota mpaka kiunoni. Na pikapu ilikuwepo, imeegeshwa kinyumenyume kama inayosubiri kupakiwa. Mzee amekaa wima, mikono miwili juu ya usukani. Kasuku yuko pembeni yake, begi magotini, mashavu yana michirizi ya machozi.

Nikafungua mlango wa upande wa Kasuku.

"Baba," Kasuku akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuizoea, "babu anasubiri wapakie mawe. Nimemwambia hakuna watu. Anasema watakuja."

Mzee akageuka. Alinitazama kwa adabu, kama mtu anayemtazama mgeni. "Kijana, wewe ndiye karani? Mwambie bosi nimefika mapema."

Kicheko chetu cha siku ile mezani kilinirudia, nikajichukia.

"Bosi amesema leo hakuna mzigo," nikamjibu. "Anasema urudishe gari."

"Haya." Akachomoa ufunguo, akanipa. "Basi endesha wewe. Nimechoka."

Nililiacha la mteja pale pale, nikawarudisha nyumbani tukiwa tumebanana watatu mbele. Kasuku alilala begani kwa babu yake. Injini ilinguruma safi, bila kumisi hata kidogo, nami nililichukia lile gari.

Kesho yake mzee aliamka mzima, akili zake timamu. Nikaenda na boksi langu. Majirani walikuwa ukutani kama kawaida yao.

Nikasema kwa sauti, ili kila mtu asikie, "Baba, hili gari limenishinda. Nilidhani limepona, limerudia. Mimi sina tena ujuzi nalo, liegeshwe tu."

Kusema vile mbele ya watu, mimi na gereji yangu, ilikuwa kama kumeza msumari. Nikasubiri matusi.

Hayakuja. Mzee aliniita kwa kidole, akafungua boneti, tukainama wote wawili chini yake, mahali ambapo hakuna anayetuona.

"Jana nilifika wapi?" akauliza polepole.

Nikamwambia. Nikamwambia na habari ya mawe.

Mkono wake ulikuwa unapapasa ile raba niliyoifunga.

"Wewe fundi," akasema, "unadhani mimi, kwa miaka yote niliyoendesha, sijui mlio wa distribyuta iliyolowa?"

Nikaacha kuitazama injini, nikamgeukia.

"Siku ya kwanza tu nilifungua nikakuta maji. Na unga pembeni. Humu ndani anayekanda unga ni mmoja. Nikatoa kitambaa nikaushe." Akatikisa kichwa. "Halafu nikakirudisha mfukoni."

"Ulijua, baba?"

"Nilijua. Nilishaanza kuziona njia zote zinafanana. Nikasema, alhamdulillahi, kuna mtu ameniona."

"Sasa kwa nini uliniita kila siku? Na yale matusi yote?"

Akatabasamu kidogo, macho yamejaa maji. "Wangesema nini, mwanangu? Mzee ameacha gari kwa sababu hajui nyumba yake iko wapi? Afadhali waseme mkwe wake hajui kazi. Nisamehe. Jana uliposema limepona, nilikosa pa kujificha. Mtoto ameshapanda na begi lake. Ningemwambia nini?"

Nilimshika mkono, na mkwe humshiki mkono hivi hivi, lakini nilimshika.

"Na mama yako asijue kwamba najua," akaongeza. "Anajitaabisha kuamka kabla yangu. Mwache."

Nilikata ile raba siku hiyo hiyo, nikabandua gundi, nikarudisha kofia ya zamani, ili mama aweze kuifungua na kuilowesha tena.

Tulimpeleka kwa daktari. Dawa anakunywa, siku nyingine mzima, siku nyingine hapana. Kasuku nampeleka shule mwenyewe, na gereji inafunguliwa nikisharudi. Wateja walionuna wamenuna.

Kila Jumamosi naenda kutengeneza lile gari. Mzee anapaza sauti, "Muuza plagi amefika!" Majirani wanacheka, na mimi nacheka nao. Mama mkwe ananiletea chai, ananitazama kwa shukrani, akiamini siri ni yetu wawili. Mzee naye anaamini siri ni yetu wawili. Mimi nakunywa chai yangu, nanyamaza.

Jumamosi iliyopita hakunitukana. Alinitazama nikiweka boksi chini, akaniuliza, "Samahani kijana, wewe ni fundi wa nani?"

Nikamjibu, "Wa kwako, mzee."

"Ahaa." Akafungua boneti, akafungua kofia bila hata kutafuta vibanio, akapitisha kidole ndani. Akanionyesha. Kilikuwa kimelowa. Jina langu lilikuwa limempotea, lakini hili hakulisahau.

"Usikaushe," akaninong'oneza. "Ni mke wangu huyo."

Nimeandika haya kwa ajili ya wenye wazazi. Mtoto akisema jambo mezani mkacheka wote, mtafuteni ambaye hakucheka, mkae naye jikoni mumuulize. Sisi tulikuwa naye pale pale, anakusanya vyombo.