Kuanzia Ishirini na Nne

Mzee Faili alifanya kazi masjala miaka thelathini na miwili, na hakuna jalada lililopotea mikononi mwake. Jina hilo walimpa wenzake kwa utani, akastaafu nalo. Mkewe alishatangulia mbele ya haki. Mtoto wao wa pekee, binti, yuko ng'ambo anauguza wagonjwa wa watu, na kila Ijumaa humtumia baba yake ujumbe. Siku sita zinazobaki nyumba hunyamaza, hata mzee huwasha redio asikie tu sauti ya mtu.

Ndipo akajiandikisha darasa la kompyuta la Jumamosi. Wanafunzi wenzake walikuwa wanatafuta ajira. Yeye alitaka jambo moja: akusanye ujumbe wote aliotumiwa na binti yake kwa miaka minne, aondoe tarehe, saa na jina, yabaki maneno yake matupu, ayasome mfululizo kama vile wamekaa sebuleni wanapiga soga.

Mwalimu, msichana wa rika la wajukuu, aliwafundisha kwamba kila herufi katika mstari ina nafasi yake; ukiitajia kompyuta nafasi ya kuanzia, inakukatia kutoka hapo. Mistari ya mzee ilikuwa hivi:

05/03/2021 08:14 Binti: Shikamoo baba.

Akahesabu kwa kidole kwenye kioo. S ilikuwa ya ishirini na tano. Akaandika 25, ikatoka "hikamoo baba".

"Mwalimu, mashine yako inaninyofolea herufi."

"Mzee wangu, umeanza kuhesabu na ngapi?"

"Na moja. Kwani watu huanza na ngapi?"

"Humu tunaanza na sifuri."

Mzee akamtazama kwa jicho la pembeni. Hajapata kuona jalada namba sifuri, na angeliona, angemwita aliyelifungua ajieleze. Hata hivyo akaandika 24, na salamu ikarudi nzima.

Jumapili asubuhi, nyumbani, kwenye kompyuta yake, akaikata mistari yote. Akavaa miwani.

"Shikamoo baba. Mimi mzima, kazi nyingi tu. Siku njema."

Mstari wa pili vilevile. Wa arobaini vilevile. Akadhani amekosea, programu inarudia mstari mmoja. Akakagua, haikuwa na kosa. Kilichokuwa kikibadilika miaka yote minne ni tarehe, na tarehe ameziondoa kwa mkono wake mwenyewe. Iliniuma hata mimi niliyesimuliwa, sembuse yeye.

Kwanza alikasirika. Mtoto gani huyu? Lakini karani mzuri hafungi jalada kabla ya kusoma barua za pande zote mbili, kwa hiyo akatoa na majibu yake. Huko jina la mbele ni "Baba", fupi kuliko "Binti" kwa herufi moja, akaandika 23.

"Marahaba mwanangu. Nami mzima. Siku njema."

Kutoka juu mpaka chini.

Kisha akachukua simu, ingawa haikuwa Ijumaa, akaandika: "Mwanangu, mimi si mzima sana. Tangu mama yako aondoke nakula nimesimama jikoni. Mezani siwezi." Akatuma.

Hakuwa ameiweka simu chini ilipoanza kuita. Kwanza alisikia kwikwi za kilio.

"Baba," binti akasema, "hata mimi huku nakula nimesimama."