Vitunguu vya Bibi na Majani ya Mama Jirani

Hivi karibuni nilishuka Kilosa kwa treni ya umeme, jua la mchana likiwa utosini, nikachukua bodaboda mpaka Mabwerebwere kuitazama nyumba ya marehemu bibi yangu. Siku hizi wanaishi wapangaji. Walinikaribisha vizuri, wakanipa kiti, lakini macho yangu yalikwenda moja kwa moja uani, pale palipokuwa na tuta la vitunguu vya majani. Vitunguu hakuna. Badala yake imepandwa safu ya yale majani membamba ya mapambo, yale yasiyojali kiangazi, ambayo sasa yamejaa kwenye nyumba za wageni, maofisini, mpaka makaburini. Nilisimama nikayakodolea macho kwa ubaya. Mpangaji akaniuliza kama nimeyapenda, anig'olee mashina mawili matatu nikapande kwangu. Nilikataa upesi mno, nadhani alinishangaa.

Ngoja nikueleze, rafiki yangu, usije nawe ukaniona nina kasoro.

Bibi yangu alitokea vilima vya Mamboya, akaolewa Kilosa mjini, akaja na mikono yake ya kilimo. Tuta lile halikuwa kubwa, lakini lilitunzwa kuliko mimi. Maji ya kuoshea mchele yalikwenda huko, maji ya kunawia yalikwenda huko, na mbebaji wa beseni nilikuwa mimi, asubuhi kabla ya shule na jioni kabla ya kucheza. Mpaka leo harufu ya udongo mkavu uliomwagiwa maji, ikichanganyika na ukali wa kitunguu kilichokatwa sasa hivi, inanirudisha darasa la tatu, miguu imejaa tope, nasubiri kuitwa chai.

Kati yetu na mama jirani hapakuwa na uzio. Alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja wa kiume, mwanamke mcheshi, mwepesi wa kucheka hata na ng'ombe wa wafugaji waliokuwa wakipita njia yetu kwenda mnadani. Kila Jumapili alinisuka nywele, na kwa mkono wake nilikula mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Mtaani kwetu kulikuwa na utaratibu ambao hakuna aliyetufundisha. Ukipika ukapungukiwa na kitu cha bustanini, unaingia kwa mwenzako, unapaza sauti, "Nachuma!" halafu unachuma. Huombi. Mwenyewe akiwepo anaitikia, "Chuma!" Asipokuwepo, wewe umeshasema, inatosha. Bibi alimwita mama jirani "mwanangu", na yeye alimwita Bibi "mama", na hapakuwa na mtu aliyeona ajabu.

Kisha yakaja majani. Mama jirani alikuwa amefanya kazi ya bustani kwenye hoteli moja ya watalii huko Mikumi. Kazi ilipoisha alirudi na mfuko wa vishina vilivyofungwa gazeti, akavipanda mstari mmoja kando ya nyumba yake, hatua chache tu kutoka kwenye vitunguu vyetu. Vilipochipua, mimi mwenyewe sikuweza kuvitofautisha. Kijani kile kile, wembamba ule ule. Bibi alinichuchumalisha chini akanifundisha. Jani la kitunguu ni bomba, ndani lina uwazi, ukilivunja linakutoa machozi. Lile lingine ni bapa, ndani limejaa, na ukilivunja halina harufu yoyote.

"Halina harufu," Bibi alirudia, akinitazama kuona kama nimeelewa uzito wa jambo hilo. "Kitu kisicho na harufu kinaficha nini?"

Kiangazi kilipokaza, mambo yakawa mabaya zaidi. Bomba la mtaa likawa linatoa maji kwa kusuasua, vitunguu vikalala chali na ncha zikageuka njano, wakati majani ya mama jirani yalisimama wima, mabichi, bila mtu kuyamwagilia hata kikombe. Bibi hakukubali kwamba hakuna anayeyamwagilia. Alfajiri moja alinichukua tukaenda kupapasa udongo wake. Alichimba kwa kidole, akatoa vumbi tupu. Ungedhani angetulia, lakini alirudi ndani uso umekunjamana zaidi. Alisema afadhali angekuta maji. Kitunguu ukikinyima maji kinakuonyesha kwamba kina kiu, alisema, lakini lile jani halionyeshi, na yeye hawezi kuamini kitu kisichoonyesha kiu.

Halafu mbuzi wakamaliza kazi. Kundi la familia moja ya wafugaji lilimponyoka mchungaji, likavamia uani, likala mchicha, likala matembele, likatafuna mpaka kamba ya kuanikia nguo. Majani ya mama jirani hayakuguswa. Mbuzi mmoja aliyanusa akaenda zake. Mama jirani alicheka mpaka akashika kiuno, akasema, "Mama, unaona? Haya hayana hasara, hata mbuzi hawayataki!" Bibi hakucheka. Kwake mbuzi alikuwa shahidi. Nilimsikia akisema peke yake jikoni kwa Kikaguru, na Bibi akianza kuongea Kikaguru peke yake, mimi nilikuwa najua kukaa kimya.

Ukiniuliza leo nani alikuwa na haki, nitasita. Mwalimu wetu wa sayansi alituambia maua ya aina ile mengine ni sumu, hasa lile shina lao la ardhini lililo kama kitunguu, na kwamba watu wasiyapande karibu na mboga. Kwa hiyo Bibi hakuwa akiota. Lakini shaka ya Bibi haikubaki kwenye majani. Iliruka ikatua kwa mwenye majani. Akaanza kunizuia kula kule kwa visingizio, mara nina kazi za shule, mara nimeshiba, na Jumapili akanisuka mwenyewe, vibaya, akinivuta.

Mwisho wa kiangazi hicho niliugua. Tumbo lilinikata nikawa natapika, Bibi akanipeleka hospitali nikalazwa. Daktari akasema ni homa ya matumbo, akasema mtaani maji si salama, tuchemshe. Bibi aliitikia ndiyo, ndiyo, na mimi nilikuwa namfahamu vya kutosha kujua kwamba hamwamini. Aliniuliza kwa sauti ya chini nimekula wapi. Nikamwambia nyumbani. Akaniuliza tena.

Jioni ya siku tuliyoruhusiwa, mama jirani alikuja na bakuli la supu ya kuku. Kuku wa kuchinja, usidharau, kwa mwanamke kama yule. Juu yake alikuwa amenyunyizia vipande vya kijani. "Shikamoo mama. Pole na uuguzi. Mtoto anywe ikiwa ya moto."

"Marahaba," Bibi akasema, akapokea. Nilishanyoosha mkono. Bibi hakunipa. Aliliweka bakuli mkekani, akaokota kipande kimoja cha kijani kwa ncha za vidole, akakipasua kwa ukucha kutazama kama kina uwazi. Akakinusa. Akaokota cha pili, akapasua. Akaokota cha tatu. Mama jirani alikuwa amesimama pale pale, kitambaa cha kushikia bakuli bado mkononi, na nilimwona akielewa.

"Mama," alisema taratibu, "ni vya kwako. Nimevichuma hapo kwenye tuta lako. Nilisema 'nachuma', ila hamkuwepo."

Bibi angeweza kucheka wakati ule, na yote yangekwisha. Nilimtazama nikimwomba kwa macho. Lakini aibu ilikuwa imemkaba, na mtu aliyekabwa na aibu hutafuta kosa lingine haraka.

"Kumbe unachuma mimi sipo?" akasema. Hakumwita mwanangu.

Mama jirani alikunja kitambaa chake akaondoka. Kabla giza halijaingia tulimsikia na jembe. Aling'oa majani yote, shina baada ya shina, akafagia mpaka pakawa peupe. Na Bibi, badala ya kuumia, alisimama dirishani akaniambia, "Kama hayakuwa na kitu, mbona ameyang'oa?" Supu ilipoa. Nililia usiku ule, si kwa tumbo. Mvua za kwanza zilipoanza, mama jirani na mwanawe walihamia Mikumi, na Bibi akajenga uzio wa mabanzi. Hakumtaja tena mpaka anaondoka duniani.

Siku hizi kule Mabwerebwere kila nyumba ina ukuta, na mboga tunanunua sokoni zimefungwa mafungu. Hakuna anayeingia kwa mwenzake akipaza sauti. Tumekuwa salama, nadhani, na ninausikitikia usalama huo.

Nilipotoka kwa wapangaji wale sikurudi nyumbani. Nilikwenda Mikumi, nikauliza, nikaelekezwa. Mama jirani amezeeka, mgongo umepinda, anaishi na mwanawe na mkwewe. Alinitambua kwa sauti. Nilipomwamkia alinishika mikono akalia, akaniuliza Bibi alipumzika vizuri? Nikasema vizuri. Hatukugusa mengine. Alisisitiza kupakua yeye mwenyewe, wali na maharage na mchicha. Akaniwekea sinia mbele, akaninawisha. Kisha akamega yeye tonge la kwanza upande wangu wa sinia, akalitafuna taratibu nikimwona, akameza, akasubiri kidogo. Ndipo akanisogezea. "Kula sasa, mwanangu."

Nilikula kila kilichokuwemo.

Mkwewe alinisindikiza mpaka barabarani. Njiani aliniambia kwamba mama huwa anafanya vile kwa kila mgeni, hata kwa watoto wa shule wanaopita kuomba maji, naye tangu aolewe amekuwa akifanya hivyo hivyo, ila hajapata kuuliza sababu. "Nilidhani ni mila ya kwenu Kilosa, dada. Sivyo?"

Nikamwambia hapana, kwetu hakuna mila hiyo. Akanitazama akingoja nimalizie, nami nikapungia bodaboda mkono.