Zungumza Naye Kiswahili

Mradi wa serikali wa kutufundisha kulea ulifika kisiwani kwetu Amu na mabango, kofia na maji ya chupa. Tulikusanywa ukumbini, kina mama na watoto wetu, tukaambiwa kwamba mtoto hukua kwa kuzungumziwa na kuchezewa. Kumbe! Na sisi miaka yote tulidhani tunafuga mbuzi.

Nisingejali, ila mwalimu wa chekechea alikuwa ameshatuambia kwamba mtoto asiyepita kipimo cha wageni hao hatapokewa mwakani. Binti yangu alikuwa na miaka minne na mdomo wa miaka arobaini. Sikuwa na wasiwasi.

Mpimaji wetu alikuwa dada wa kutoka bara, aliyeshuka na ndege Manda asubuhi ile. Jaketi la kuokolea alilovishwa botini hakuwa amelivua bado. Akainua picha ya ndoo ya maji.

"Ndoo!" akamtamkia mtoto, ili airudie.

Kwetu ukimwita mtu aje, unasema ndoo. Binti yangu akainuka, akaenda, akasimama mbele yake kwa adabu.

"Rudi ukae. Ndoo!"

Akarudi, akakaa, akaenda tena. Mara ya tatu alikuwa karibu kulia, na yule dada anaandika: haelewi maagizo.

Nikamweleza. Alinisikiliza huku akitabasamu, kisha akasema, "Sawa, mama. Lakini nyumbani jaribu kuzungumza naye Kiswahili."

Kiswahili! Mimi mzawa wa Amu, niambiwe hayo na mtu anayesema "hii mtoto"! Nilimdharau pale pale, na mpaka leo sijaacha.

Ila nafasi ya chekechea niliitaka. Miezi miwili nikamkazania mtoto: si nti, ni nchi, si ndia, ni njia. Akikosea namwambia, "Sema vizuri." Aliporudishwa kupimwa alipita bila kosa hata moja, na mimi nikapewa cheti cha mzazi.

Wiki ile ile mama yangu alikuwa akimwosha uso.

"Fumba mato, mwanangu."

"Bibi, si mato, ni macho. Sema vizuri."

Mama hakumwangalia mtoto. Aliniangalia mimi, kisha akaendelea kumwosha. Nilijidharau kuliko nilivyowahi kumdharau yule dada. Siku hizi mama akikaa na mjukuu wake husema machache, na kabla ya kusema hunitazama kwanza.