Baragumu la Msituni

"Jumamosi kwenye onyesho hukai na sisi, Ctibor," alisema Bi Drahuše, kiongozi wa kikundi cha muziki, akimwelekezea upinde wa fidla kama anayefukuza kuku. "Kiti chako nampa mtu anayejua kukaa."

"Mbona nilikaa," alijibu Ctibor. "Ila nilikaa msituni."

Ctibor alikuwa fundi wa majiko ya vigae, na raha yake duniani ilikuwa baragumu lake. Alipozaliwa alilia sauti moja tu, ndefu, hata mkunga akaenda kunywa kahawa, akarudi, akamkuta bado yumo. Alioa, akalea, akapoteza meno yote ila mawili ya mbele ya kupulizia. Nyumbani mkewe Květa alishampiga marufuku, kwa kuwa akipuliza tu, maziwa yanaganda. Pa kupulizia palibaki hapo kwenye ukumbi wa mazoezi, penye watu tisa: watano wa kupuliza, wanne wa nyuzi.

Mwaka huo Bwana Hradil, mtunzi kutoka Brno, aliwaandikia muziki wa kisasa, ule ambao ukikosea hakuna anayejua isipokuwa Drahuše. Wanane wanakwaruza na kukoroma kama kabati la vyombo linaloshuka ngazi. Ctibor yeye ananyamaza, ananyamaza weee, mpaka mwisho kabisa ndipo apulize sauti moja. Katikati hapo mtu anajenga jiko na kuliwasha. Sasa, kwa Wacheki chombo hicho cha Ctibor jina lake ni baragumu la msituni. Dirisha la ukumbi linatazama msitu, na uyoga ulikuwa umechipua. Mnategemea nini? Kila mazoezi Ctibor alichukua kikapu na baragumu, akatoka, akachuma huku sikio liko dirishani, akarudi kwa wakati wake.

Leo alikuta uyoga wenye kofia pana kama meza ya harusi. Kabla hajaukata, zamu yake ikafika. Akapuliza palepale, kapiga magoti. Kutoka vichakani nguruwe mwitu dume akaitikia sauti ileile, ila tamu zaidi.

Bwana Hradil, aliyekuwa ameketi viti vya nyuma ukumbini, aliinuka akatoka, kamba za viatu zikiburutika.

"Umemfukuza mtunzi," Drahuše alimwambia Ctibor aliporudi na kikapu chake.

"Kwani hamkunisikia?"

"Tuliwasikia wawili."

"Basi nimewaletea na nyongeza, mnanuna nini?"

Mzee Horymír wa fidla kubwa alitaka kujua kama uyoga ule ulikuwa na funza. Drahuše alishakamata kiti cha Ctibor akikipeleka nje, na Ctibor kashika mguu wa kiti, huyu anavuta huku, yule kule.

"Niachie, Drahuše," Ctibor alisema taratibu. "Nyumbani sina pa kupulizia."

Drahuše akafungua mdomo ajibu, na mlango ukafunguliwa.

Bwana Hradil aliingia na majani kichwani, amebeba kiti kingine. Akakiweka kando ya kile walichokuwa wakigombania, akakifuta vumbi kwa mkono wa koti. Kisha akageukia mlangoni, akamwinamia kidogo yule mwitikiaji wa vichakani, aliyekuwa anakoroma hapo nje.

"Karibu ndani, bwana," alisema. "Ila tafadhali, futa miguu."