Maharage ni Ndugu

Nilipokuwa mtoto pale Kibimba, wilayani Ngara, sikuogopa chui wala mchawi. Niliogopa kibuyu cha mbegu cha bibi yangu. Kilining'inia juu ya mafiga, cheusi kwa moshi, na ndani yake, katikati ya majivu, mlikuwa na maharage ya kila rangi: mekundu, meusi, ya njano, meupe na yale ya madoadoa. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, baba alibeba kichwani mlango wa nyumba yetu ya zamani. Bibi alibeba kibuyu chake na hakukubali mtu ampokee.

Mwiko wake ulikuwa mmoja: mbegu haichambuliwi rangi. “Maharage ni ndugu,” alisema. “Atakayewatenganisha, mvua itamwozeshea shamba, na nyumba yake itatawanyika.”

Ukaja mwaka wa vita. Baba alikuwa mgambo. Akapanda lori na wenzake kwenda mpakani. Mama alikuwa ameshafariki, kwa hiyo tukabaki wawili, Bibi na mimi.

Shuleni, mwalimu wetu wa kilimo alitufundisha kwamba mbegu bora ni ya aina moja. Kuchanganya, alisema, ni uvivu wa wazee. Akaagiza kila mmoja wetu alete kibaba cha maharage mekundu kwa shamba la shule. Nilikuwa wa kwanza darasani, na kiherehere changu, Mungu anisamehe, hakikuwa na breki.

Jumamosi Bibi alipokwenda kulima, nikakishusha kibuyu, nikamwaga mbegu kwenye ungo, nikachambua. Mekundu nikayagawa mafungu mawili, la shule na la shamba letu, maana nilitaka Bibi naye awe mkulima wa kisasa. Yaliyobaki nikayaosha majivu, nikayabandika jikoni. Nilidhani nitasifiwa!

Bibi aliingia na jembe begani, akanusa.

“Unapika nini, Konsorata?” Jina langu ni Consolata, lakini kwake nilikuwa Konsorata mpaka anakufa.

“Maharage, Bibi.”

“Ya wapi?”

Niliinama kuchochea moto. Akatazama juu ya mafiga, hapakuwa na kibuyu. Nilingoja fimbo, fimbo haikuja. Alikaa chini, akasema polepole, “Umewapika ndugu zako.”

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya mwisho ya mwiko. Nyumba itatawanyika. Na katika nyumba yetu aliyekuwa mbali ni mmoja tu. Jamani, nililia mpaka kwikwi zikanishika. Niliamini kabisa kwamba nimemuua baba yangu kwa chungu cha maharage.

Asubuhi yake Bibi alinipa ungo mtupu. “Twende ukawatafute.”

Kwetu mbegu hainyimwi wala hainunuliwi, ila anayeomba lazima aseme ya kwake ilikwenda wapi. Basi kila mlangoni Bibi alisimama nyuma yangu, na mimi nikasema, “Shikamoo. Niliwatenganisha ndugu nikawapika. Naomba mnisaidie niwarudishe.”

“Marahaba,” alijibu mama mmoja, jirani yetu wa tatu. “Na chumvi ulitia?”

Nyumba nzima ilicheka. Nilitamani ardhi inimeze. Lakini alinimiminia kiganja cha meusi. Mama mwingine, aliyekimbia kutoka Burundi na watoto wake, alinipa maharage ya kijivu aliyovuka nayo mpaka yakiwa yamefungwa kwenye pindo la kanga. Jioni ungo ulikuwa na rangi zote, pamoja na hiyo ambayo Bibi hakuwahi kuwa nayo.

Masika yale mvua haikupumzika. Shamba la shule, mekundu matupu, liligeuka njano, likaoza mizizi tukiliangalia. Kwetu pia mekundu yalikufa, lakini meusi yalisimama, na yale ya Mrundi yakazaa vizuri kuliko yote. Tulikula. Mwalimu alikuja mwenyewe kuomba mbegu. Bibi akamuuliza, “Ya kwako ilikwenda wapi, mwalimu?” Akaeleza, kichwa chini, vilevile kama mimi. Jumatatu alituambia darasani kwamba alikosea. Nami nimekuwa mwalimu miaka mingi. Najua maneno hayo yalivyo mazito kutamka.

Ila mimi sikuwa na raha. Kama maneno ya mvua yametimia, ya nyumba yangekosaje kutimia? Kila liliposikika lori nilijificha nyuma ya nyumba.

Baba alirudi mchana mmoja, amekonda, buti moja limefungwa kwa kamba. Hata shikamoo sikumpa. “Baba, niliyatenganisha maharage!”

Alicheka mpaka akakaa chini. “Hata mimi niliyatenganisha nikiwa kama wewe. Bibi yako alinitembeza kijiji kizima.”

Nikamgeukia Bibi. Alikuwa akikoroga uji, macho kwenye chungu. “Ya mvua ni kweli,” alisema. “Ya nyumba aliongeza mama yangu, ili watoto msiguse.”

Nilimkasirikia miaka mingi kwa miezi ile ya hofu. Leo ninacho kibuyu hichohicho, na hasira imekwisha. Alilinda chakula chetu kwa alichokuwa nacho.

Juzi alikuja binti mtafiti wa mbegu za asili na bahasha ndogo, kila rangi bahasha yake. Alikuwa na adabu, aliuliza na akasikiliza. Nikampa rangi zote, kisha nikamwomba bahasha moja zaidi, nikaijaza mchanganyiko. “Na hii uiandike,” nikamwambia.

Alipoondoka, mjukuu wangu aliyekuwa ameshika ungo akaniuliza, “Bibi, mtu akiyatenganisha inakuwaje?”

Maneno ya nyumba yalinifika mdomoni. Nikayameza. “Atakwenda mlango kwa mlango, aseme alichofanya, aombe upya.”

Akatazama nyumba za majirani. Siku hizi wengi hununua pakiti dukani, rangi moja. “Kwani wao wanayo?”

Kesho yake tulijaza ungo, mimi na yeye, tukaanza na mlango wa kwanza, tukigawa.